Sekunde 11 Kabla ya Gitaa

Kanda ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mama aliyeileta anauza mitumba upande wa Sofia, hapa Busia, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kutuambia kuwa ana muziki nyumbani. Jumamosi ile alitusikia tukibishana kwenye kibanda cha chai, akaondoka bila kuaga, akarudi na kanda hiyo pamoja na redio kaseti yenye kishikio kilichovunjika. “Sikilizeni na hii,” akasema. Akairudisha nyuma kwa penseli, taratibu, asije akamaliza betri bure.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, marehemu mumewe aliyekuwa askari, kwa Kiswahili cha kambini: “Leo Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili.” Akataja mwaka. “Tuko Tororo, harusi ya binti wa Afande.” Akamtaja mpiga gitaa la solo na kijiji anakotoka. “Betri ni mpya.” Akakohoa. Ndipo gitaa likaingia. Baadaye nilipima: sekunde 11.

Sekunde hizo ndizo zilizonisukuma kuandika makala hii. Tumezoea kuamini kwamba kinachohifadhi muziki wetu ni mitambo: studio, redio, na sasa simu na intaneti. Mimi naona mitambo haijatupungukia kiasi hicho. Kinachotupungukia ni yule mtu wa kusema kabla ya wimbo kuanza: leo ni lini, tuko wapi, nani anapiga. Mashabiki wa Uganda wa leo wana rekodi za laivu nyingi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, na nyingi kati ya hizo zimeshapotea zikiwa bado mikononi mwao.

Kikao chetu hakina jina wala mwenyekiti. Kilianza wakati wa korona. Machi 2020 maonyesho yalifungwa, na burudani ya usiku haikuruhusiwa tena hadi tarehe 24 Januari 2022. Ni karibu miezi 22 bila bendi wala disko. Sisi tuliozoea kukutana ukumbini tukabaki kukutana mchana, kila mmoja na kikombe chake, mbalimbali kama tulivyoagizwa, na swali likawa moja tu: wewe unasikiliza nini siku hizi? Karibu kila mtu akajikuta anajibu kwa rekodi za jukwaani. Hatukupanga. Naamini ilikuwa kiu. Nyimbo za studio tulikuwa nazo tele, lakini hazikuwa na kile tulichonyimwa, yaani sauti ya watu wengi mahali pamoja.

Korona ikapita, kikao kikabaki. Dereva mmoja wa lori, anayekwenda Mombasa leo na Juba kesho, huleta flashi iliyoviringishwa kwenye nailoni. Barabara ndefu inataka wimbo mrefu, kwa hiyo yeye ni mtu wa kadongo kamu iliyorekodiwa kwenye mabaa na sherehe: gitaa moja na mtu mmoja anayesimulia kisa kwa dakika kumi na zaidi bila haraka. Anasema, na mimi namuunga mkono, kwamba ukimsikiliza mwimbaji wa kadongo kamu kutoka studio umesikia nusu ya wimbo. Nusu nyingine ni wasikilizaji wanaocheka kabla ubeti haujaisha, kisha wananyamaza wote kwa pamoja kisa kinapogeuka kuwa msiba. Ukimya ule hauwezi kutengenezwa studio.

Fundi cherehani wetu alivukia Mpondwe kutoka Kongo miaka mingi iliyopita, na yeye husikiliza jambo moja mpaka limwishe. Mwaka huu ni tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lile lililoandaliwa liende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki ukapigwa siku zake zilezile. Franco na TPOK Jazz walikuwapo, Tabu Ley alikuwapo, Miriam Makeba alikuwapo. Rekodi za wasanii wa Kiafrika wa tamasha hilo zilitolewa kama albamu mwaka 2017. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 40 ndani ya maboksi. Mzee huyu akizisikiliza husimamisha mguu juu ya pedali ya cherehani, na mteja asubiri.

Halafu yuko Mwalimu, mstaafu, mtu wa bendi ya Afrigo na hana mwingine. Afrigo ilianzishwa mwaka 1975, ikapita katikati ya utawala wa Amin, ya vita, ya serikali zilizobadilika moja baada ya nyingine, na Moses Matovu akabaki na saksafoni yake mbele ya jukwaa. Mwaka 2025 bendi ilitimiza miaka 50. Kwa Mwalimu, albamu za Afrigo ni kama picha za pasipoti: sura ni yake mtu huyo, lakini humwoni anavyotembea. Saa walizopiga jukwaani, wiki baada ya wiki, haziwezi hata kulinganishwa na saa walizokaa studio. Ukitaka kujua jinsi Joanita Kawalya anavyouvuta mstari wa mwisho watu wakimwomba arudie, au Rachel Magoola alivyokuwa akiuendesha ukumbi kabla hajachaguliwa mbunge wa Bugweri mwaka 2021, utaipata kwenye rekodi ya laivu tu.

Si Uganda peke yake. Bob Marley alirekodi “No Woman, No Cry” studio na kuitoa mwaka 1974, lakini wimbo ambao dunia nzima inaujua, ule ambao hata abiria wa matatu wanauitikia, ni wa ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, wenye umati unaoimba kiitikio kabla yake. James Brown alipotaka kurekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, New York, Oktoba 1962, mwenye kampuni yake hakuona faida ya kurekodi nyimbo zilezile mara ya pili. Brown akatoa pesa yake mwenyewe, na santuri hiyo ikawa miongoni mwa zilizomjenga. Wenye pesa walichelewa kuelewa kwamba wimbo uliopigwa mbele ya watu ni wimbo mwingine.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu tuna wasanii wengi wanaopanda jukwaani na sidii. Tumeyaona: mdomo unakwenda, sauti inatoka kwenye spika, mikrofoni imeshushwa hadi kiunoni na wimbo bado unaendelea. Ukirekodi pleibeki umerekodi kelele za watu juu ya wimbo unaouzwa. Sitasema zaidi ya hapo. Nataka tu ieleweke kwamba msanii anayeimba kwa koo lake Kampala, Mbale au Arua anatoa kitu ambacho hakitatokea tena kesho kwa namna ileile, na aliyekirekodi ameshika kitu cha pekee.

Sasa turudi kwenye ubishi uliomfanya yule mama aende kuchukua kanda.

Kijana wetu wa boda boda alikuwa ametuletea dakika 19 za Afrigo, nzuri kiasi kwamba Mwalimu aliweka kikombe chini. Zilirekodiwa chini ya paa la mabati, na mvua inasikika ikianza katikati ya wimbo wa pili. Mpiga ngoma anaisikia, anapunguza, saksafoni inaingia juu ya mvua kana kwamba ndiyo waliyokuwa wakiisubiri. Tukauliza: ya lini hii? Kijana akajibu bila kusita: Novemba 2021. Imeandikwa kwenye jina la faili. Mwalimu akakataa katakata. Novemba 2021 kumbi zilikuwa bado zimefungwa usiku, na isitoshe anasikia mpiga kinanda ambaye hapigi tena na bendi.

Kijana hakudanganya. Jina lilisema AUD, kisha 20211114, kisha WA na namba. Ila ile ilikuwa siku WhatsApp ilipoishusha sauti kwenye simu yake. Simu huandika siku faili ilipoingia. Siku muziki ulipopigwa haiijui. Na aliyemtumia kijana naye alikuwa ametumiwa, na huyo naye vivyo hivyo, na kila mkono ilipopita jina la mkono uliotangulia likafutwa. Tulibishana hadi chai ikapoa. Dereva alisikia MC akiwatakia watu sikukuu njema, basi ni Desemba. Desemba ya mwaka gani? Ukumbi gani? Huyo mpiga kinanda, kama Mwalimu amemsikia sawasawa, ndiye yeye? Dakika 19 za muziki bora kabisa, na hatuwezi kumwambia mtu yeyote ni nini alichosikia.

Wapo watakaosema: inakuhusu nini mwaka? Si ufurahie muziki tu? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na jibu langu liko Mengo.

Katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, palikuwa na ngoma zinazoitwa entenga. Ni ngoma 15 zilizopangwa sauti: wanne hupiga zile 12 zinazobeba wimbo, wawili hupiga zile 3 kubwa. Zilikuwa za ikulu, hazikupigwa penginepo. Mwaka 1950, na tena 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, aliwarekodi wapigaji wa Kabaka. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, ndiyo ikulu hiyo. Kabaka akakimbilia uhamishoni, vyombo vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika kila mtu na njia yake, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Hadi zinarudishwa mwaka 1993, waliowahi kuzipiga entenga walikuwa wachache na wazee.

Tracey alikuwa na desturi ya kujaza kadi kwa kila alichorekodi: mahali, tarehe, lugha, chombo, mpigaji. Ndiyo maana leo ukisikia dakika chache za ngoma zile unajua unasikia nini. Bila kadi zile zingekuwa ngoma tu, nzuri, za Kiafrika, za mahali fulani. Klaus Wachsmann naye, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi na mashine yake miaka ileile akirekodi na kuandika. Mkusanyiko wake ukaishia London kwenye British Library, na nakala zake zilipoletwa Makerere mwaka 2009 ziliweza kusomwa kama daftari: huyu ni wa kabila hili, chombo hiki, wilaya hii. Zingerudi bila maelezo, tungepokea sanduku la sauti zisizo na wenyewe.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Najua watu wakiisikia methali hiyo huwaza duka. Mimi nawaza flashi ya dereva.

Lipo jambo linaloniuma hapa, na nitalisema kama lilivyo. Daftari lilishikwa na wageni. Tracey na Wachsmann walikuwa na mashine, gari na mshahara, na walikuja katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Nawashukuru kwa kadi zao, lakini sitaki kuamini kwamba kuandika tarehe ni kazi ya mgeni mwenye elimu ya muziki. Kanda ya Tororo inanipa ushahidi wa kinyume. Yule askari hakusomea chochote. Alikuwa na redio kaseti, na harusi, na akili ya kukumbuka kwamba atakayesikiliza huenda hakuwapo. Hata ile “betri ni mpya” si neno la bure. Betri ikichoka, kanda huzunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuicheza kwenye mashine yenye nguvu, muziki unakimbia na sauti zinapanda kama za watoto. Aliposema betri ni mpya alikuwa akituambia kwamba gitaa hili lilisikika hivi, kwa kimo hiki, usiku ule. Nimesikiliza rekodi za studio zisizo na uhakika wa namna hiyo.

Mtu wa namna hiyo yumo katika kila mtaa wa nchi hii. Tumempa simu nzuri, tukamnyang'anya desturi.

Umasikini nao umechangia. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ikaiondoa, ikaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Watu wakafanya walichokuwa wakifanya zamani: kupeana mkono kwa mkono, kwa Bluetooth, kwa flashi, kwa memori kadi iliyojazwa kwenye kibanda cha nyimbo kando ya stendi. Mimi naupenda mtindo huo kuliko kubofya. Unampa mtu wimbo huku unamtazama usoni. Lakini kibandani nyimbo 300 hunakiliwa kwa mpigo mmoja, na zikifika kwako zinaitwa “Track 07”, “Laivu mpya”, “Laivu mpya 2”. Mwaka jana nilipeleka kadi yangu mahali fulani ikapanuliwe nafasi, nikarudishiwa imesafishwa. Rekodi nilizopoteza baadhi nimezipata tena kwa marafiki. Majina niliyoyaandika kwa miaka minne sikuyapata popote.

Na haki ya msanii je? Swali hili silikwepi, kwa sababu wanaoliuliza wana haki. Msanii wetu hula jukwaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mpigaji mamlaka juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, na shabiki anayeinua simu hajamuuliza mtu. Nimekaa na hoja hiyo muda mrefu. Naona mpaka uko kwenye kuuza. Anayechukua onyesho la bendi akalichoma kwenye sidii na kuliuza stendi, anakula jasho la watu, na kikaoni kwetu rekodi ya namna hiyo haipokelewi. Anayempa rafiki yake, akamwambia ni bendi gani na inapiga wapi kila Jumamosi, anaiongezea bendi mtu mlangoni. Wamarekani wa bendi ya Grateful Dead waliliona hilo mapema: mwaka 1984 waliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini, nyuma ya fundi mitambo, kwa sharti moja kubwa kwamba watu wabadilishane kanda, wasiziuze. Mashabiki wakaandikiana tarehe na kumbi kwa makini hadi leo mtu anataja usiku wa tarehe 8 Mei 1977 pale chuo kikuu cha Cornell kama anavyotaja siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Watu hawakuacha kununua tiketi zao.

Bendi zetu zingeweza kwenda mbali zaidi. Fundi mitambo ana sauti safi yote mbele yake kwenye mikisa. Flashi moja ikichomekwa pale, onyesho zima linabaki. Mwenye bendi akitaka aiweke, akitaka aiuze mwenyewe. Leo hii usiku unaisha, nyaya zinakunjwa, na kilichobaki ni simu zetu zilizokuwa karibu mno na spika, ambamo besi imegeuka kuwa mkoromo.

Kwa shabiki, yapo machache niliyojifunza kwa kuharibu. Simama karibu na fundi mitambo, kwa sababu yeye amesimama pale sauti inaposikika vizuri. Weka simu kwenye mfuko wa shati, mikrofoni yake ikielekea nje, ucheze kama wengine. Aliye nyuma yako alilipa kiingilio amwone mwimbaji, hakulipa aone kioo cha simu yako. Ukituma video kwa WhatsApp, itume kama dokumenti isibanwe. Na kabla ya hayo yote, au wakati bendi inapumzika, sema kwa sauti siku, mahali na majina. Jina la faili litabadilishwa na kila mtu, lakini sauti yako iliyo ndani ya rekodi haibadilishwi na mtu.

Yule mama alituruhusu tuinakili kanda yake. Tulitumia waya wa Mwalimu, kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta ya kijana wa jirani, dakika 30 upande A na dakika 30 upande B, na hakuna aliyeongea mpaka zikaisha. Upande A unakatika katikati ya wimbo. Upande B unaanza na sauti yake tena: “Bado Tororo.” Mama akacheka, akasema alikuwa hivyohivyo hata nyumbani, hapendi mtu asielewe. Kisha akaomba arudishiwe pale mwanzo, akasikiliza zile sekunde 11 peke yake, mara tatu.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya kijana wa boda boda. Alikuwa amebeba abiria hadi harusini upande wa Bugiri, akabaki kusikiliza bendi. Akabonyeza simu, akaiweka mezani katikati ya vikombe. Inasikika pikipiki ikizimwa, watu wanapita, sahani zinagongana. Kisha sauti yake, ya haraka kidogo kama mtu mwenye haya, anataja siku, anataja kijiji, anataja bendi na kumuuliza mtu jina la mpiga besi, anajibiwa, analirudia vizuri. Mtu mwingine pembeni anamuuliza anaongea na nani. Halafu besi inaingia.